Shangazi wa Gereji: Milioni mbili na nusu, nianzie wapi?

Shangazi shikamoo. Nina Subaru Impreza WRX ya 2006, manyuo, yaani gia za mkono. Naishi Tegeta, kazi yangu iko Posta, kwa hiyo ndilo gari la kila siku, na mara chache kwa mwaka tunapanda nalo Iringa kwa wazee. Injini haina neno. Shida ni kona: nikiingia na mwendo linalala, halafu pua inatoka nje, na usukani siuamini. Nimetenga milioni mbili na nusu. Rafiki yangu anasema nikanunue koilova, zile shokapu zenye springi za kurekebisha kimo cha gari, za mtumba Ilala. Mwingine anasema tukate springi koili moja na nusu, gari likae chini. Fundi wangu naye anataka niweke lile bomba linalounganisha vichwa vya shokapu ndani ya boneti. Nimsikilize nani? — Kijana wa Tegeta

Marahaba mwanangu. Umenunua gari zuri, na hela hujaipeleka kwenye ekzosi. Tumeanza vizuri.

Gari lako lina karibu miaka ishirini. Mpira wowote ulioko chini yake ambao haujawahi kubadilishwa una umri huohuo, na umekula joto, chumvi ya pwani na matuta ya barabara ya Bagamoyo asubuhi na jioni. Ukiniambia "linalala, pua inatoka, usukani siuamini", mimi nasikia gari lililochoka miguu. Kusukuma pua nje ni tabia ya WRX tangu likiwa jipya, maana injini yake imekaa mbele ya ekseli ya mbele. Hiyo tutaipunguza. Lakini usukani usioaminika si tabia ya kuzaliwa nayo. Huo ni ugonjwa, na hautibiwi kwa koilova.

Jumamosi hii Ilala usiende. Nenda kwa fundi mwenye jeki na stendi za uhakika, muinue gari mbele. Shika tairi kushoto na kulia, utikise. Likicheza, muangalie tairodi endi. Shika juu na chini, utikise tena. Likicheza hapo ni bolijointi au beringi. Kisha ingia chini na taa, utafute bushi, kile kiungo cha mpira, kubwa ya nyuma ya kontroloamu, ule mkono wa chini unaoshika mguu wa tairi; ni ile inayokaa karibu na sakafu ya gari. Chomeka bisibisi pana pembeni yake, ubinye taratibu. Bushi nzima husogea kidogo ikarudi. Iliyokufa inafungua mdomo: ufa unapanuka mpaka ukucha unaingia, na kile chuma cha katikati kinatembea peke yake, mpira umebaki pale ulipo. Nikikuta hivyo huwa namwita mwenye gari alale chini aone kwa macho yake, kwa sababu nikimwambia tu ataona natafuta hela. Bushi hiyo ikifa, ukifunga breki tairi linarudi nyuma kidogo, ukikanyaga mafuta linasogea mbele. Pembe za tairi zinabadilika kila unapogusa pedali. Usukani hapo utauaminije?

Badilisha kilichokufa, kwa bushi za mpira. Zile za poli, ngumu, za rangi rangi, zina kazi yake, lakini zikikosa grisi zinapiga kelele kila tuta, na wewe unapita matuta kila siku. Angalia na linki za stabilaiza, ile fimbo ya chuma inayozuia gari kulala kwenye kona. Hizo ni bei ndogo na ndizo zinazogonga watu wakidhani shokapu imekufa. Shokapu yenyewe iangalie mwilini. Ukikuta vumbi limegandana na mafuta kuanzia kwenye sili kushuka chini, hiyo imekwisha. Weka mpya za kawaida, KYB au za ubora huo, upande wa kushoto na kulia kwa pamoja. Hazitakupa sifa kijiweni. Gari litatulia.

Halafu matairi, na hapa ndipo sehemu kubwa ya hela yako iende. Kila unachotaka gari lifanye, kusimama, kukata kona, kuondoka, kinapitia kwenye mpira unaogusa lami, na kila tairi linagusa eneo dogo tu, halizidi sana kiganja cha mtu mzima. Ukifunga koilova za bei mbaya juu ya matairi magumu ya mtumba, umepata gari gumu linaloteleza. Kwenye ubavu wa tairi tafuta maneno DOT, mwisho wake kuna tarakimu nne: 3521 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2021. Muuzaji akikuharakisha usisome, ondoka. Karibu na hapo kuna namba ya treadwear. Ya 500 inadumu lakini ni kavu, haishiki sana. Ya 200 inashika sana lakini utainunua tena mapema, na nyingi za namna hiyo hazifurahii mvua ya masika. Kwa safari zako tafuta kati ya 280 na 340, za kampuni inayojulikana.

Saizi yako kama ni ya kiwandani ni 215/45R17. Usipande zaidi. Na ziwe nne za aina moja, zimechakaa sawa. Gari lako linavuta miguu yote minne, na Subaru wanataka mizunguko ya matairi isitofautiane zaidi ya milimita 6 hivi. Ukichanganya mawili mapya na mawili ya zamani, difu ya katikati, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, inafanya kazi bila kupumzika hata kwenye barabara iliyonyooka, inapata joto, na bili yake itameza hiyo milioni mbili na nusu.

Upepo ni bure na watu wengi hawaujui. Soma kibandiko cha mlango wa dereva. Kikiandika kPa 230, hiyo ni psi 33 na kidogo. Pima asubuhi kabla gari halijatembea, maana yule kijana wa kujaza upepo anakujazia 40 kwa wema wake, tairi linapanda tumbo na linagusa katikati tu. Ukitaka kuona kwa macho, chukua chaki, chora mistari kuanzia kwenye kanyagio la tairi mpaka ubavuni, sehemu tatu za tairi. Nenda eneo tupu, zunguka kona mbili tatu kwa mwendo wa maana, kisha shuka uangalie chaki imefutika mpaka wapi. Kwenye bega la tairi kuna kipembe kidogo kinachoelekea ukingo huo. Chaki ikifutika mpaka hapo, upepo ni sawa. Ikivuka kuelekea ubavuni, tairi linajikunja, ongeza kidogo. Ikiishia mbali kabla ya kipembe, punguza.

Baada ya hayo yote, alaimenti, yaani kupanga pembe za matairi. Baada, siyo kabla. Ukiipiga juu ya bushi mbovu unapima kitu kitakachohama ukitoka getini. Hapa utakutana na ubishi. Mwenye mashine atakwambia "hii Subaru haina kemba ya kurekebisha, tunarekebisha too tu". Kemba ni jinsi tairi linavyoinama ndani au nje ukilitazama kwa mbele; too ni jinsi matairi yanavyoelekeana ukiyatazama kwa juu. Mwombe kwa adabu atoe tairi la mbele. Shokapu imefungwa kwenye nako, kile chuma kinachobeba tairi, kwa bolti mbili, na kichwa cha ile ya juu kina alama za mistari: ni bolti ya yai, ukiizungusha juu ya tairi linaingia ndani au linatoka nje. Hicho ndicho kirekebisho, kimetoka kiwandani, na magari mengi yanazunguka mjini hakijawahi kuguswa. Mwambie akuwekee kemba ya hasi, juu ya tairi likiingia ndani, nyuzi 1 hadi 1.3, kushoto sawa na kulia, na too ya mbele sifuri. Nyuma kemba haina pa kuishika kwenye toleo lako. Aweke too sawa pande zote mbili, basi. Dai karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Kwa kazi hiyo peke yake pua itaingia kona kuliko ulivyozoea, na tairi halitaliwa ndani kwa kemba ndogo kiasi hicho.

Sasa washauri wako.

Wa kukata springi nimeanza kumchoka kabla sijamfahamu. Springi ikikatwa inakuwa fupi, ncha yake haikai vizuri tena kwenye kikombe, na shokapu inabaki na nafasi ndogo ya kushuka. Katikati ya kona mguu unafika mwisho, unagonga ule mpira wa kuzuia, na tairi linakosa mshiko ghafla. Kuna lingine ambalo vijana hawaamini mpaka niwachoree. Kontroloamu ya gari lako ikiwa sawa inainama kuelekea tairi. Ukishusha gari mno, inalala au inainuka kuelekea tairi, na ile nukta ambayo bodi inazungukia kwenye kona inashuka haraka kuliko uzito wa gari ulivyoshuka. Matokeo yake gari liko chini, na linataka kulala zaidi kuliko zamani. Halafu utakwenda Iringa, upite matuta ya Mikumi ukiwa na mizigo ya wazee nyuma.

Wa koilova za mtumba hana nia mbaya. Koilova nzuri ni kitu kizuri. Lakini za mtumba hujui nani alizifunga, zimevuja kiasi gani, na springi zake zilikusudiwa barabara ipi. Nyingi zilizotoka Japani zimekazwa kwa lami laini. Ukija kuwa na hela ya mpya na ya kuzifanyia sevisi, niandikie tena.

Bomba la fundi wako halina madhara. Kwenye gari la barabarani faida yake ni ndogo, mara nyingi inaonekana zaidi ukifungua boneti mbele za watu. Likibaki chenji, utajua mwenyewe.

Ambalo hakuna aliyekutajia ni stabilaiza ya nyuma, na kwangu ndilo pambo la kwanza la kununua gari likishakuwa zima. Pima ya sasa kwa venia. Tuseme umekuta milimita 20. Ukiweka ya 22 unaona umeongeza milimita mbili tu, lakini ugumu wa chuma hicho unapanda kwa kipeo cha nne cha kipenyo, kwa hiyo umeongeza karibu asilimia 46. Nyuma ikikaza, mbele inapunguziwa mzigo, na pua inaacha kukimbilia nje. Nunua yenye matundu ya kurekebisha, uanze na tundu laini, uendeshe mpaka mvua moja kubwa ipite ndipo ufikirie kukaza. Nyuma iliyokazwa sana kwenye lami yenye maji inaweza kukugeuza. Pamoja nayo nunua na vishikio vyake vilivyoimarishwa. Vya kiwandani kwenye toleo hilo ni vyembamba, hupinda au kukatika.

Jambo la mwisho kwako ni mafuta ya breki. Hayo hunyonya unyevu kadiri yanavyokaa. DOT 4 mpya haichemki chini ya nyuzi 230, lakini ikishanyonya maji kiwango chake kinaruhusiwa kushuka mpaka 155. Kushuka mlima Kitonga nyuma ya malori, mguu uko kwenye breki muda wote, joto hilo linafikika, na pedali inazama mpaka sakafuni. Yabadilishe kabla ya safari ijayo, na huko mlimani shuka kwa gia.

Hela ikiishia kwenye bushi, matairi na alaimenti, stabilaiza isubiri mwisho wa mwaka. Fanya kimoja, endesha wiki mbili, ndipo ufanye kingine. Ukifunga vyote siku moja hutajua kipi kimekusaidia na kipi kimekuharibia.

Shangazi, mume wangu amekata springi za gari letu na ana raha kweli. Mimi nina mimba ya miezi sita na kila tuta nashika tumbo. Ananiambia nitazoea. Je, kuna hatari au najidekeza? — Mama Kijacho, Dodoma

Hujidekezi. Springi fupi mno, gari likiinuka kwenye shimo au likipigwa jeki, inaweza kulegea na kuhama kwenye kikombe chake, na ikirudi vibaya hakuna anayejua mguu utakaaje. Hilo ni la gari. La mgongo na tumbo lako kamuulize mkunga wako, usimuulize mwenye springi. Mwambie mumeo springi za kiwandani ziko madukani, na kuzifunga nne ni kazi ya siku moja. Mpaka hapo panda bajaji, naye alipe nauli.

Shikamoo Shangazi. Nina Toyota Altezza RS200. Nimeweka rimu za 19 na matairi 215/35. Gari limekuwa zito kuondoka, usukani unatetemeka, na rimu mbili zimepinda. Niongeze nini? — Msomaji wa Mombasa

Marahaba. Usiongeze, punguza. RS200 nyingi zilitoka na 215/45R17, ubavu wa tairi karibu milimita 97. Wewe umebaki na 75, na rimu kubwa kwa kawaida ni nzito zaidi. Altezza ina wishiboni mbili, mkono wa juu na wa chini kwa kila tairi, mbele na nyuma, miguu ambayo wenye magari ya bei kubwa wanaitamani, nawe umeifunga viatu vya chuma. Rudi kwenye 17, rimu nyepesi, na utetemeko ukibaki baada ya balansi ndipo tutafute kingine.

Ila kabla hujauza hizo rimu, leo au kesho, mwambie fundi aangalie bolijointi za chini za mbele. Kwenye gari hilo ndipo penye udhaifu, na mashimo uliyopiga mpaka rimu zikapinda hayakuziacha salama. Ikichomoka, tairi linalala chini ya fenda na usukani unabaki mikononi mwako bila kazi. Zikiwa na mchezo wowote, badilisha zote mbili, na gari lisitoke gerejini kwanza.