Mlezi wa kitaaluma aliye mbali

SWALI: Mhariri, ninasomea shahada ya uzamili ya fizikia, na katika maabara yetu mwanamke ni mimi peke yangu. Je, mitandao ya intaneti inaweza kweli kunipatia mlezi wa kitaaluma?

JIBU: Inaweza, na jambo lenyewe si geni. Mwaka 1997 ulianzishwa Marekani mpango wa MentorNet, uliowaunganisha wanafunzi wa kike wa uhandisi na sayansi na wataalamu kwa njia ya baruapepe. Na kundi la wanasayansi wanawake liitwalo 500 Women Scientists, lililoanza mwaka 2016, baadaye liliunda orodha ya mtandaoni ya kumtafutia mtu mtaalamu mwanamke kwa fani yake.

Kwa maoni yangu, wengi hukwama kwenye barua ya kwanza. Usimwandikie mtu asiyekujua "naomba uwe mlezi wangu", kwani ombi hilo ni zito mno na mara nyingi hukaliwa kimya. Taja makala yake uliyoisoma, uliza swali moja linalojibika kwa dakika 10, mathalani namna alivyokadiria makosa ya vipimo vyake, kisha umweleze baadaye ushauri huo ulikufikisha wapi; hapo ndipo uhusiano humea.

Usimtegemee mmoja tu. Anayefanana nawe ataelewa upweke wako upesi, lakini barua za mapendekezo na nafasi za utafiti mara nyingi zimo mikononi mwa wasiofanana nawe. Na matusi yakianza (mitandao ya wazi haina bawabu), hamia kwenye kikundi kidogo chenye msimamizi.