Laini ya Kenya

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama mwananchi wa kawaida ana nafasi yoyote katika kutetea haki za binadamu na uhuru wa mawasiliano. Mimi ni mtu wa Busia, upande wa Uganda mpakani na Kenya, na hapa swali linalotuuma ni jingine: tunatetea haki, au tunapita tu njia za panya?

Januari 2021, jioni ya kuamkia uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima, ikarudi tarehe 18 bila Facebook. Jirani yangu, mwenye kibanda cha sabuni na airtime, alikuwa na laini ya Kenya, na mtandao wa ng'ambo hushika vizuri huku mpakani. Akajaza bando, akawasha hotspoti, akavuta kigoda. Mchana wote watu walipanga foleni. Dereva wa lori alisubiri karatasi za mzigo kutoka kwa tajiri wake Mombasa. Mama mmoja alitaka kusikia sauti ya bintiye aliyeko kazini Dubai. Aliisikiliza mara tatu na hakuna aliyemharakisha. Wasiojua kusoma walisomewa kwa sauti ya chini. Malipo shilingi mia tano, wazee bure. (Ndiyo, alipata faida. Kwani mawakili hawalipwi?)

Kisha akaja kijana na habari za watu kuuawa, anataka kuzitupa kwenye makundi ya WhatsApp. Jirani akamwuliza, "Umeona wewe?"

"Nimeambiwa."

"Basi kamlete aliyeona." Akamkatia mtandao.

Nilikaa kuandika nikitaka kusema huo ni ujanja wa mpakani tu. Mtu wa Soroti, mbali na mpaka, atachungulia Kenya ipi? Na ujanja una mwisho: ushuru wa shilingi 200 kwa siku wa kutumia mitandao ya kijamii ulipoanza Julai 2018 tulikimbilia VPN, programu ya kuficha unachotembelea mtandaoni, mwaka 2021 ukaondolewa, ikaja kodi ya asilimia 12 juu ya bando lenyewe. Hiyo VPN haiikwepi.

Njia iliyonyooka ipo. Ibara ya 50 ya Katiba inamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kwa ajili ya haki ya mwenzake. Lakini ombi la 2016 dhidi ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta, kilichofanya mawasiliano ya kuudhi mtandaoni kuwa kosa, lilikaa hadi Januari 2023 ndipo Mahakama ya Katiba ikakifuta. Yule dereva angengoja karatasi miaka saba?

Kwa hiyo naandika ndiyo, japo si ndiyo nzima: jirani yangu alitetea, hasa pale alipokataa. Ila msimwite mwanaharakati. Atawauliza kama mnanunua airtime au mnamzibia wateja.