Kabla Hujalipia Tathmini ya Usonji ya Mwanao

Kama mwanao amefikisha miaka miwili na bado hakuonyeshi kitu kwa kidole, usingoje aanze kuongea ndipo uende hospitali. Katika dalili za usonji (autism) natanguliza kidole kwa sababu maneno ndiyo yanayotupoteza sisi wazazi. Mtoto akichelewa kuongea, Mombasa nzima ina jawabu: wavulana huchelewa, babake pia alichelewa, mwache, akianza hamtamnyamazisha. Na kweli, wapo watoto wanaochelewa maneno tu. Lakini mtoto wa aina hiyo, hata bila neno moja, ndege ikipita juu ataielekezea kidole, kisha atakugeukia kuona kama na wewe umeiona. Mwanangu hakuwa akifanya hivyo. Akitaka maziwa alinishika mkono akanivuta hadi kwenye friji, akauweka mkono wangu juu ya mlango bila kunitazama usoni. Kuomba aliweza, kunishirikisha jambo lililompendeza ndiko kulikokosekana. Hilo ndilo alilolianza daktari wa watoto, kabla hata ya kuuliza mtoto ana maneno mangapi.

Dalili nyingine huenda unazijua: kuitwa jina asigeuke, kupanga vizibo vya soda mstari mmoja na kulia ukisogeza kimoja, kupepesa mikono akifurahi, kuziba masikio honi ya matatu ikilia, kukataa kila chakula isipokuwa wali mweupe. Hakuna dalili moja inayotosha peke yake. Yupo mtoto mwenye usonji anayeongea sana na anayependa kukumbatiwa. Wasichana wengi hupitwa kwa sababu huwaiga wenzao. Wataalamu hutafuta mambo mawili kwa pamoja, yaliyoanza utotoni: ugumu wa kuwasiliana na kuhusiana na watu, na tabia au mapenzi ya vitu yanayojirudia.

Kuhusu sababu, najua unayoambiwa, maana niliambiwa hayohayo. Joseph Gona na watafiti wenzake waliwauliza wazazi na wataalamu wa pwani ya Kenya chanzo cha usonji, na katika utafiti waliouchapisha mwaka 2015 walitajiwa mashetani, uchawi na laana, pamoja na maambukizi, urithi na matatizo wakati wa kujifungua. Sayansi inaupa urithi nafasi kubwa. Malezi ya mama hayamo. Chanjo hazimo pia: makala ya mwaka 1998 iliyozua hofu hiyo ilifutwa na jarida lenyewe, The Lancet, mwaka 2010. Dua sikukatazi, nami namsomea wangu kila usiku. Ninachokuomba ni usimwache mtoto akae miaka mitatu akinyweshwa kombe tu, yale maji yaliyooshewa aya za Kurani, huku hajaonwa na daktari.

Anza na kipimo cha masikio, hata kama una hakika anasikia kwa kuwa hukimbilia katuni. Kisha lipo dodoso la M-CHAT-R, maswali 20 kwa watoto wa miezi 16 hadi 30, linalopatikana bure. Dodoso hilo si tathmini. Linakwambia tu kama kuna haja ya kusonga mbele.

Wengi wetu huishia kwenye tathmini ya kibinafsi kwa sababu foleni za hospitali za umma ni ndefu na wataalamu ni wachache, hasa ukiwa mbali na Nairobi. Si jambo baya. Lakini ni fedha nyingi, na kabla hujazitoa piga simu uulize: ni nani hasa atakayemwona mtoto? Unataka daktari wa watoto aliyebobea katika ukuaji, au mwanasaikolojia wa watoto au daktari wa akili wa watoto, na ni bora zaidi akiwepo na mtaalamu wa matamshi. Watakaa naye muda gani? Tathmini ya maana huwa na mazungumzo marefu na mzazi kuanzia mimba, na muda wa kumtazama mtoto akicheza. Kwa ADOS-2, utaratibu maalum wa michezo na mazungumzo ya kumchunguza mtoto, kumtazama peke yake huchukua kama dakika 40 hadi saa nzima. Je, bei hiyo ina ripoti ya maandishi na kikao cha kuelezwa ripoti, au hivyo vinalipiwa mbali? Kuna wanaotoza ripoti kivyake, na utajua ukiwa tayari umelipa.

Swali ambalo wazazi wengi hawaliulizi ni la lugha, na mimi naliona kubwa kuliko yote. Mwanangu husikia Kiswahili kwetu, Kigiriama kwa nyanyake na Kiingereza kwenye runinga. Ukimpeleka mtoto wa namna hiyo kwa mtu anayempima kwa Kiingereza kitupu, unapima nini? Katika ADOS-2 ya watoto wadogo kuna mchezo wa kumfanyia mdoli sherehe ya kuzaliwa, keki na mishumaa. Mtoto ambaye kwao hajawahi kuona keki yenye mishumaa anaweza kukaa kimya bila hilo kuwa na uhusiano wowote na usonji. Mtaalamu makini hulijua hilo na hulipima kwa busara, lakini ni haki yako kumwambia mapema mtoto anaongeleshwa lugha gani na amezoea michezo gani. Nenda pia na video fupi za nyumbani: akila, akicheza na ndugu zake, akikasirika. Mtoto wa kliniki na mtoto wa sebuleni mara nyingi ni watu wawili.

Na ukishauriwa umwongeleshe Kiingereza peke yake ili "asichanganyikiwe", kataa kwa adabu. Tafiti hazijaonyesha kuwa lugha mbili humdhuru mtoto mwenye usonji. Ukimnyima Kiswahili unamnyima nyanya yake, binamu zake na mlango wa jirani, watu ambao ndio atakaojifunzia kuongea.

Kuna kliniki tuliyoianzia iliyomtazama mtoto kwa dakika chache, ikatupa jina la ugonjwa na orodha ya vidonge vya kununua papo hapo, pamoja na picha ya ubongo. Ukikutana na hayo, chukua mkoba wako. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayothibitisha usonji. Kipimo cha EEG, cha umeme wa ubongo, kina maana pale daktari anaposhuku kifafa, ambacho kweli huwapata watoto wenye usonji zaidi ya wengine. Tiba za kuondoa madini mazito mwilini (chelation) hazina ushahidi wa kusaidia usonji, na zimewahi kuua mtoto.

Usisubiri ripoti ili uanze kumsaidia. Tiba ya matamshi haihitaji cheti cha usonji. Sisi tulianza tukiwa bado tunachanga fedha, na mtaalamu alitufunza kitu cha kufanya nyumbani: kukaa sakafuni, kucheza anachokicheza yeye, na kunyamaza kidogo kabla ya kumpa anachotaka ili apate nafasi ya kuomba kwa macho au kwa sauti.

Ripoti ya kibinafsi ina mpaka wake. Kadi ya ulemavu ya Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu hutolewa baada ya tathmini ya hospitali ya serikali, kwa hiyo uende na ripoti yako huko daktari aisome. Kwa nafasi ya shule, nenda pia kwenye kituo cha EARC cha kaunti yako, yaani kituo cha kutathmini mahitaji ya kielimu ya watoto, kilicho chini ya Wizara ya Elimu. Wao ndio wanaopendekeza kama mtoto aingie darasa la kawaida akisaidiwa au kitengo maalum. Toa nakala kadhaa, ile ya asili ibaki nyumbani, na hakikisha ripoti imeandika mapendekezo ya shule kwa maneno ambayo mwalimu wake ataelewa.