Wanjala amefika, au wamefika?

SWALI: Hujambo mwalimu. Nimezaliwa na kulelewa Kaptembwo, hapa Nakuru, ila ushago ni Bungoma. Jina langu ni Wanjala. Tangu shule ya msingi wenzangu wamekuwa wakinitania kuwa mimi ni "wa njaa", na mwalimu mmoja wa Kiswahili alituambia darasani kwamba jina hili ni Kiswahili kilichoharibikia njiani. Sasa kazini kuna mwenzangu anayeshikilia kwamba Wa- ni ya wingi, kwa hiyo "Wanjala amefika" ni kosa la upatanisho. Lubukusu, lugha yetu Wabukusu, sikijui. Nisaidie.

JIBU: Sijambo, ndugu yangu. Nianze na jepesi. Sema "Wanjala amefika." Wa- ya jina lako si ile ya watu na watoto. Ni wa ya kuhusisha, kama katika "mtoto wa shangazi". Njala ni njaa, kwa hiyo Wanjala ni mtoto wa njaa, yaani aliyezaliwa wakati chakula kimeadimika. Na Lubukusu hakitumii wa- kuonyesha wingi wa watu, hutumia ba-: omundu ni mtu, babandu ni watu. Mkiwa wawili ofisini, mwenzako aseme "akina Wanjala wamefika", na hapo atakuwa sawa. Wale waliokutania shuleni maana waliipata vizuri. Ubaya waliutia wenyewe.

Hilo la Kiswahili kilichoharibika ndilo linalonichoma, kwa sababu nimelisikia mara nyingi, na kila mara anayeambiwa ni mtoto anayeanza kuionea haya lugha ya nyumbani kwao. Ukweli umekaa kinyume kabisa, na ushahidi umo ndani ya Kiswahili chenyewe.

Chukua kitenzi kuzaa ukinyambue. Mama amezaa, mtoto amezaliwa. Hiyo L imetoka wapi? Endelea: amekaa, kiti kimekaliwa, amevaa, amevalia. Hakuna aliyeichomeka pale. Ilikuwepo tangu mwanzo: zala, kala, vala. Wagiriama wa Kilifi hadi leo wanasema kukala pale tunaposema kukaa. Kiswahili kiliidondosha L hiyo kati ya irabu mbili mwishoni mwa shina, lakini kitenzi kinapoongezewa kiambishi L inachungulia tena. Nomino haina bahati hiyo. Njala ilipokuwa njaa, hapakuwa na mlango wa L kurudia.

Waganda wanasema enjala. Wasemao Lingala wanasema nzala. Wazulu, huko kusini kabisa, wanasema indlala. Kote L ipo. Basi kati ya jina lako na neno njaa, lililobadilika zaidi ni njaa. Jina lako limeitunza sauti ambayo Kiswahili kiliipoteza zamani, kabla shule yoyote haijajengwa Bungoma. Si mtoto wa Kiswahili aliyepotoka; ni ndugu yake aliyebaki na sura ya wazee.

Nawe si peke yako. Wangila na dada yake Nangila ni waliozaliwa njiani, na njia kwa Lubukusu ni engila, L ikiwa mahali pake. Vuka hadi Kisii utamkuta Nyanchera, naye ni wa njiani vilevile, kwani huko njia ni enchera. Konsonanti ya katikati imekuwa r, lakini ipo. Ukienda Lamu usikilize tenzi za zamani, utasikia ndia. Kule nako L ilishatoka.

Mwaka mmoja nilipewa rejista ya darasa hapa Nakuru nisome majina asubuhi. Nikasoma Wafula, nikasoma Nyambura, nikasoma Okoth, nikasoma Cherop, nikasimama. Nje kulikuwa na manyunyu, na majina yale manne yote ni mvua. Watoto wa jamii nne, wamekaa madawati ya kufuatana, wote wameitwa kwa jambo moja.

Yapange sasa kwa sauti. Wafula anatokana na efula, Nyambura na mbura ya Gikuyu, na sisi tuna mvua. F, mb, mv; kisha l, r, na kwetu pengo. Hizi ni sura tatu za neno moja la kale la Kibantu, na tofauti zake hazikuja ovyo: pale panapodondoka L katika mvua ndipo inapodondoka katika njaa na njia. Lakini Okoth wa Wajaluo ana koth, na Cherop wa Wakalenjin ana rob. Hapo huwezi kulinganisha sauti hata moja na mvua. Desturi ya kumwita mtoto kwa majira tunaishiriki sote. Maneno ni ya nasaba mbalimbali. Ndugu wa Okoth watafute ukishuka na Nile kwenda kaskazini. Waacholi wa kaskazini mwa Uganda wana Okot na Akot, na kot yao ni mvua. Dholuo, lugha ya Wajaluo, inaposema th, Kiacholi kinasema t: nyoka ni thuol hapa, twol kule, kufa ni tho hapa, to kule. Sauti zikifuatana kwa utaratibu namna hiyo, neno baada ya neno, ndipo unaposema kwa uhakika kwamba lugha hizi zilikuwa moja. Kufanana kwa neno mojamoja hakutoshi.

Maana kufanana kunadanganya, hasa kwa sisi tunaosoma kila jina kwa macho ya Kiswahili. Ushago kwenu utakutana na mtu wa rika la Chuma, na mwingine wa rika la Sawa. Usidhani wa kwanza ni wa chuma cha mhunzi, wala wa pili ni wa kuelewana. Marika ya tohara ya Wabukusu ni manane, na majina yake ukiyaweka kando ya marika ya Wakalenjin yanaoana: Chuma na Chumo, Sawa na Sawe, Maina na Maina, Kolongolo na Korongoro, Kikwameti na Kipkoimet. Angalia hilo la mwisho. Kip- ni kile kiambishi cha kiume cha Kiprop na Kiplagat, kimemezwa nusu, ikabaki Ki-. Wabukusu waliyapokea kwa majirani wasemao Kikalenjin, wenzao wa Mlima Elgon, wakayatamka kwa ulimi wao. Kwa hiyo Wanjala linakueleza lugha mliyotoka nayo, na Chuma linakueleza mliishi na nani. Mimi la pili hunigusa zaidi, kwa sababu watu hawapeani majina ya marika kwa kupitana tu sokoni.

Busia utaliona jambo hilohilo kati ya Wasamia. Wana Wabwire na Nabwire, waliozaliwa usiku, na hilo ni la Kibantu. Wana pia Ojiambo, ambalo ni Odhiambo la Wajaluo, mtoto wa jioni. Ile dh ya ncha ya ulimi imekuwa j.

Ndiyo maana naomba usimwambie mtu kabila lake kwa kusoma kitambulisho. Abasuba wa visiwa vya Rusinga na Mfangano wana asili ya Kibantu, na Olusuba ni lugha ya Kibantu, lakini wengi wao leo wanazungumza Dholuo na wanawaita watoto Otieno na Akinyi. Ukiyafuata majina yao ya leo peke yake utapoteza nusu ya safari yao. Utahitaji majina ya babu wa babu, ya koo, na ya mahali.

Ukienda Bungoma Disemba, muulize nyanya kama ulizaliwa wakati wa njaa kweli, au umerithi jina la mzee fulani wa ukoo. Huenda ikawa hilo la pili, maana kwenu majina ya waliotangulia hurudi kwa wajukuu. Ikiwa ni hivyo, njaa si yako, ni ya huyo mzee, na pengine yupo anayejua ilikuwa mwaka gani na walikula nini. Mwombe akusimulie kwa Lubukusu, hata kama utaelewa maneno machache.

Na ukijaaliwa binti ukamwita Nanjala, mwenzako wa kazini asije akasema ni "na njaa". Na- hiyo ni alama ya mwanamke, kama katika Nafula na Nasimiyu. Nanjala amefika, umoja vilevile.