Jibu kwa mama anayesema hana nafasi ya kusali

Dada yangu wa Busia, umesema asubuhi kwako ni kelele tupu: uji umemwagika kwenye sare, kiatu kimoja hakionekani, bodaboda anapiga honi nje, na ukishawafokea wanao unaona aibu hata kufungua Biblia.

Usijilazimishe kuamka saa kumi alfajiri ili usali. Una mtoto anayenyonya usiku kucha. Usingizi wa kupunguza utautoa wapi? Soma 1 Wafalme 19. Eliya amechoka hadi anaomba afe, na malaika hamhubirii. Anampa mkate uliookwa juu ya makaa na maji, Eliya analala tena, kisha analishwa mara ya pili. Basi mchana mtoto akilala, lala nawe. Vyombo vitangoja.

Sala iwe fupi, papo hapo ulipo. "Bwana, nihurumie" inatosha huku ukitafuta kile kiatu. Susanna Wesley, mama yao John na Charles, waanzilishi wa Umethodisti, alizaa watoto 19, na husimuliwa kwamba alijifunika aproni kichwani ili asali. Leso yako itafaa, ingawa wa kwako wataichungulia tu.

Ukimfokea mtoto, mwombe radhi kwa maneno machache, bila kumwambia yeye ndiye aliyekuudhi.

Na baba yao mbona hukumtaja? Sare na viatu aviandae yeye jioni. Kama kanisani kwenu kuna Umoja wa Akina Mama, mwombe mmoja wao akushikie mtoto Jumamosi, ufue kwa utulivu.