Usiishie 97

Juzi mdogo wangu mmoja wa kidato cha pili, yuko Njombe, kaniandikia: "Shikamoo kaka. Tumepewa 1,000,001 tuseme kama ni namba tasa. Nimegawanya kwa namba tasa zote mpaka 50, imekataa. Niandike tasa?"

Namba tasa ni ile inayogawanyika bila baki kwa 1 na kwa yenyewe tu. Nilikaa kimya na simu mkononi. Namba hiyohiyo ndiyo iliyoniumiza mimi.

Nilikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni huko Rungwe, mwezi wa sita, baridi ile ya vidole kugoma kushika kalamu. Usiku kucha niligawanya. Kwa 3, baki 2. Kwa 7, baki 2. Kwa 11 na 13, baki 2 tena! (Sababu niliijua baadaye: zote hizo zinaigawanya 999,999.) Nikasonga hadi 97, namba tasa ya 25, baki 28. Nikafunga kaunta buku. Asubuhi nikasimama nikatamka kwa sauti: ni tasa. Mwalimu hakunieleza kitu. Aliandika ubaoni 101 × 9,901, darasa zima likaangua kicheko. Baada ya 97, namba tasa inayofuata ni 101. Nilibakiza moja tu. Waliniita "Milioni na Moja" mpaka namaliza shule, na iliniuma.

Kwa hiyo mdogo wangu, usiandike tasa. Unapima hadi kipeuo cha pili cha namba yako, yaani ile ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unaipata namba yako, kwa kuwa vigawo viwili haviwezi vyote kukizidi; na hapa kinazidi 1,000 kidogo sana. Chini ya 1,000 kuna namba tasa 168. Ukiishia 50 hujamaliza, ukiishia 97 hujamaliza.

Ila kabla ya kugawanya, itazame namba yenyewe. Ikate mbilimbili kuanzia kulia: 01, 00, 00, 1. Toa, jumlisha, toa kwa zamu: 1 − 0 + 0 − 1 = 0. Ukipata 0, inagawanyika kwa 101, kwa kuwa 100 imepungukiwa 1 tu kuifikia 101.

Miaka ilipita ndipo nikagundua kwamba usiku ule haukupotea. Kipeuo cha pili cha 9,901 hakifiki 100. Kama si tasa, lazima mojawapo ya zile 25 nilizozipima iigawanye, na ingeigawanya 1,000,001 pia. Hakuna iliyoweza. Basi 9,901 ni tasa, na uthibitisho wake niliuandika mimi, kwa mkono wangu, bila kujua.

Hata wakubwa husubiri. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alionyesha kwamba 2 kwa kipeo cha 67, ukitoa 1, si tasa, lakini vigawo hakuvipata. Mwaka 1903 Mmarekani Frank Nelson Cole akavileta: 193,707,721 na 761,838,257,287. Vijana wenzangu wa Nyanda za Juu, gawanyeni. Mkichoka pumzikeni, kisha gawanyeni tena, msifunge daftari kabla ya kipeuo cha pili.

Kaunta buku ile ninayo hapa Mbeya. Chini ya mstari wa 97, baki 28, nimeongeza mmoja kwa wino mwekundu: 101, baki 0.