Usifute bakapu za zamani mkuu, subiri kwanza

Mkuu simama hapo hapo. Umesema bakapu ya saa nane usiku inatoa "Temporary failure in name resolution" (yaani kompyuta imeuliza DNS anwani ya jina fulani, haikujibiwa), mchana ukiiendesha mwenyewe inakubali, ukauliza tatizo liko wapi na kama uhamie klaudi. Halafu jamaa anakushauri uongeze 2>/dev/null, inayotupa ujumbe wote wa makosa, ili imeili za kroni (kiendesha kazi kwa ratiba) zisikusumbue. Aisee, usithubutu. Mimi nilishauriwa hivyo hivyo na fundi tuliyemlipa, na soda juu, akasema hizo ni kelele tu za Linux, zima. Nikazima.

Sasa sikia kilichokuwa kinaendelea mimi nimelala. Skripti ilikuwa inaita mysqldump (inayotoa nakala ya databesi), inaitafuta seva ya databesi kwa jina, data inapitia gzip ya kubana inaandikwa kwenye faili, mwisho kabisa kuna find na -mtime +7 -delete, inayofuta mafaili ya zaidi ya wiki, ili diski isijae. Jina lisipopatikana mysqldump inakufa pale pale, lakini gzip haina habari kama mwenzake kafa, inabana hewa, inatoa faili la baiti 20 na kuripoti kazi imeisha salama, na sheli inasikiliza jibu la huyo wa mwisho tu. Basi skripti inaona kila kitu poa, inashuka chini kufuta bakapu zenye data zilizopitisha wiki. Kila usiku inaingiza hewa inatoa data! Siku diski ya databesi imekufa bosi anauliza, namfungulia folda kwa mbwembwe, mafaili yamejipanga kwa tarehe mpaka raha, kumbe yote baiti 20. Na hilo ni duka la vifaa vya ujenzi, madeni ya wateja yote yalikuwa humo. Tukarudi kwenye vitabu vya risiti, kuingiza karatasi moja moja, na ajabu ni kwamba kila mdaiwa tuliyempigia alikuwa "ameshalipa". Fundi naye hapatikani, labda DNS yake ilikuwa chini.

Na usiniambie utaweka kipimo cha kuona kama faili ni tupu. Baiti 20 sio tupu, test -s (kipimo cha faili tupu) inapita. gzip -t, ya kupima kama faili lililobanwa ni zima, nayo inapita, maana hewa imebanwa kihalali kabisa. Cha kuangalia ni mkia: zcat faili | tail -1 (inafungua faili na kuonyesha mstari wa mwisho), lazima uone "-- Dump completed". Hujaiona, hufuti kitu, hata diski ijae mpaka ilie. Bakapu ya jana haiguswi mpaka ya leo imefunguliwa ikaonekana ina kitu ndani, mengine yote mtabishana wenyewe. Weka pia set -o pipefail juu, ili sheli isikie hata aliyekufa katikati, na mstari wa kwanza uwe #!/bin/bash, sababu kuna sh nyingine haziijui hiyo.

Jina lenyewe kwetu ilikuwa kichekesho. resolv.conf, faili linalosema majina aulizwe nani, ilikuwa inaelekeza kwenye rauta ya mapokezi, na anayefunga ofisi jioni anazima umeme wa mapokezi kuokoa LUKU. Seva zote mbili, ya bakapu na ya databesi, pamoja na swichi ziko kwenye UPS, zinaonana vizuri, ila wa kuuliza jina kalala. Asubuhi rauta inawashwa, unajaribu, inakubali, unaanza kuhisi umerogwa. Kwa hiyo angalia resolv.conf yako, ukikuta 127.0.0.53 (hiyo ni mashine yenyewe inayopokea swali na kulipeleka kwingine) basi andika resolvectl status uone anayeulizwa hasa ni nani. Pima usiku huo huo kwa getent hosts, usitumie nslookup, yenyewe haisomi /etc/hosts (orodha ya majina na anwani iliyo ndani ya mashine) kwa hiyo itakudanganya. Kama IP ya databesi haibadiliki iandike humo /etc/hosts umalize.

Ila hayo baadaye. Sasa hivi weka # mbele ya huo mstari wa find ili usiendeshwe, halafu piga ls -l kwenye folda ya bakapu utuwekee hapa tuone saizi.